Theluji Tuliyoifuata Kusini mwa Wakrah

Tangu nirudi, kila mama wa chama anayenikuta sokoni Nunguni ananishika mkono na kuniuliza neno lile lile: ni kweli ulienda kuona theluji jangwani? Nimechoka kueleza nikiwa nimesimama na mkungu wa ndizi mgongoni. Kwa hivyo nimekaa, nimeinjika maharagwe, na nimeandika. Shule niliacha darasa la tatu, baba aliponunua ng'ombe na akakosa wa kuwachunga, basi mtanisamehe nikiandika jinsi ninavyosema. Anayesoma vizuri awasomee wengine, na asiruke mahali hata pakimtisha.

Kutoka Nunguni hadi ndegeni

Mnajua safari ilianzia wapi. Binti yangu Mutheu, yule nesi, alijifungua mtoto wa kwanza huko Doha, na mtoto wa kwanza haogeshwi kwa maelekezo ya simu. Mambo ya makaratasi aliyashughulikia mkwe wangu, mimi sikuyaelewa na sitayasimulia.

Asubuhi niliyoondoka ukungu ulikuwa umekaa juu ya vilima vyetu kama kuku anayeatamia. Nilitazama upande wa kusini nikitafuta ile kofia nyeupe ya Kilimanjaro, ambayo asubuhi ya kiangazi huonekana hadi ukadhani utaifikia kabla ya chai. Siku hiyo haikuonekana. Nimeitazama tangu nikiwa mtoto wa kuchunga, na sijawahi kukutana na mtu aliyeishika.

Uwanja wa ndege walinifungua mfuko. Kijana mmoja mwenye glavu akatumbukiza mkono katika muthokoi wangu, akauchota, akaunusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Mahindi."

"Mbona hayana ngozi?"

"Yalitwangwa. Wewe ungependa kula ngozi?"

Akamwita mwenzake. Mwenzake alipotazama tu akacheka, akaniamkia kwa Kikamba, akamwambia yule wa glavu, "Pitisha huyu mama, na ushukuru hakukupa mchi utwange mwenyewe."

Ndege ikachelewa. Hawakutuambia kwa nini, tulikaa tu. Karibu yangu alikaa msichana aliyekuwa anaenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, na nilimwona anameza mate kila niliponyanyua nduma kwenda mdomoni, nikamkatia nusu. Akala yote. Alipomaliza akaniuliza, "Nyanya, huko kuna baridi?"

Nikamwambia, "Jangwani? Hata. Utatafuta kivuli hadi uchoke."

Nilimdanganya bila kujua. Tulipofika alichukuliwa pamoja na wenzake kwenye foleni yao, akiwa na kiblauzi chembamba, na mlango ulipofunguka upepo ulioingia ulitukata sote kama wembe. Aligeuka akanitazama. Sikumwona tena.

Fereej Bin Mahmoud

Mutheu na mumewe wanakaa Fereej Bin Mahmoud, katikati ya mji, ghorofa nyingi zimesimama karibu karibu kama watu wanaosengenya. Fleti yao ni ndogo, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mama mkwe na mkwe wa kiume kulala chini ya dari moja, mama yangu angesikia angefufuka atuchape. Lakini mchungaji wetu alishasema hakuna dhambi, na mtoto anataka kuogeshwa. Tukajipanga. Mkwe wangu alikuwa akikohoa kabla ya kutokea ukumbini, nami nikikohoa kabla ya kutoka jikoni. Mutheu alisema nyumba yake imekuwa wadi ya kifua.

Baridi ilikuwa imeingia siku chache kabla yangu. Watu wa pale walisema hawajaona kama hiyo. Upepo wa kaskazini uliingia kwenye tundu la lifti ukawa unalia huko chini, sauti inapanda ghorofa kwa ghorofa, inafika mlangoni petu, inanyamaza. Halafu inaanza tena chini. Paka wa mtaa walikaa juu ya magari yaliyotoka kuzimwa, wote wametazama upande mmoja. Niliwauliza wenyeji wangu wanatazama nini, hakuna aliyekuwa amewaona.

Sasa mkwe wangu huyu, kazi yake ni dereva, lakini ugonjwa wake ni hali ya hewa. Yuko na wenzake kwenye kundi la simu, Wakenya na Waganda, wanaliita Wazee wa Baridi. Mvua ikinyesha Doha wanapigiana simu kama kumezaliwa mapacha. Alhamisi jioni wawili walikuja nyumbani: Bakari, mtu wa Mombasa anayefanya kazi hotelini, na Baluku, Mganda wa Kasese, askari wa mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni, mlango nimeurudisha kidogo, nasikia.

Mkwe wangu alikuwa na ramani za rangi kwenye simu. "Angalieni hii bluu inavyoshuka. Kesho asubuhi huko kusini itakaribia sufuri. Sufuri, wazee."

Bakari akasema, "Sufuri ya nini? Theluji yataka mawingu, yataka unyevu huko juu. Baridi peke yake haileti kitu ila mafua."

"Bakari, wewe hata ukiwekewa theluji kwa sahani utasema ni wali."

"Wali nitautambua, ndugu yangu. Ule wa kwako hapa sijauona bado."

Baluku alikuwa anacheka. "Nyinyi mnabishana na hamjaona. Mimi nimekua naiona Ruwenzori kila siku ya Mungu. Theluji haiulizi ramani. Inakuja kimya, unaamka, iko."

"Umeishika?" Bakari akamuuliza.

"Kushika sijashika. Kule juu si mahali pa kwenda hivi hivi."

Ndipo simu zao zote zikalia pamoja. Mtu alikuwa ametuma picha kundini: ardhi nyeupe kabisa, tambarare, hadi macho yanapoishia, na chini yake maelezo ya njia, kusini mwa Wakrah. Hakuna neno lingine. Hata mimi nilisahau kwamba nakohoa kwanza, nikatoka nimeshika mwiko, nikasema, "Hebu nione."

Mkwe wangu akaiweka simu mezani, akarudi nyuma nipate kuitazama. Nikasema kitu ambacho labda nisingekisema, kwamba tangu utoto natamani kuishika hiyo nyeupe japo kwa kidole. Akatazama chini, akasema, "Basi kesho twende, Mama. Nitakushikisha."

Abu Hamour

Tuliondoka Ijumaa kukipambazuka. Mutheu alibaki na mtoto, akaniambia, "Mama, usiwaache hao wazee wakufanye mjinga," akanivika koti lake la kazini na soksi mbili mbili. Gari ni dogo, kuukuu, la mkwe wangu mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma, upande ule ambao hatuonani kwenye kioo.

Baluku alikuwa na zamu Abu Hamour, na aliyepaswa kumpokea hakuwa amefika. Tukangoja. Upepo ulikuwa umekufa usiku, na mahali pake ulikuwa umeshuka ukungu, mzito, wa kijivu. Ijumaa ndiyo Jumapili ya huko kwa Wakristo, kwa kuwa ndiyo siku ya kupumzika, na makanisa yako upande huo. Nilisikia watu wakiimba, lugha hii, kisha lugha ile, nyimbo nyingine nazijua kabisa, na sikuona ukuta, wala paa, wala mtu. Sauti tupu. Mara zinakuwa upande wa kulia, mara ziko nyuma yetu, na gari halijasogea.

"Ukungu hucheza na sauti," Bakari akasema, maana aliniona nageukageuka. "Usiuamini, Bi mkubwa. Bahari nayo ni hivyo hivyo."

Baluku alipotokea alitokea ghafla dirishani hadi nikashika kifua. Alikuwa amevaa makoti mawili. "Pole, Mama. Mwenzangu alipotea kutoka kwenye basi mpaka getini. Hapo tu. Amezunguka ukuta anaupapasa kama kipofu."

Tulicheka, lakini si sana.

Al Wakrah

Wakrah ni mji wa pwani, na ukungu ulikuwa umeula wote. Tulisimama kwa muuza chai wa Kihindi, mzee kama mimi, tukaletewa chai ya maziwa iliyochemka hadi ikawa rangi ya udongo, na chapati zilizokunjiwa mayai. Ile chai, akina mama, ina iliki na utamu wa kukufumba macho. Nilikunywa ya pili. Wale wanaume waliletewa kwenye vikombe vya plastiki, mimi yule mzee akanitolea cha udongo, sijui kwa nini, labda kwa mvi.

Hapo ndipo Bakari aliuliza, "Huyu aliyetuma picha ni nani?"

Mkwe wangu akasema, "Si ni mtu wako wa hoteli?"

"Wangu? Mimi nilidhani ni wa kwao Baluku."

Baluku akatikisa kichwa. "Mimi nilijua ni wa Mombasa."

"Wa Mombasa hawezi kuwa. Hajasema neno hata moja."

Wakapekua. Namba haikuwa na sura wala jina. Hawakujua nani alimwingiza. Wakampigia, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Mkwe wangu akasema si kitu, kundi lina watu wengi, na akamwonyesha yule muuza chai picha ili atuthibitishie njia.

Mzee aliitazama, akatutazama sisi mmoja mmoja. Kiarabu chetu na chake vilikuwa vibovu sawasawa. Akaweka kiganja juu ya meza, akakididimiza polepole kama anayekanda unga, halafu akakivuta juu kwa nguvu huku akitoa mdomoni sauti ya kunyonya. Akarudia. Akatikisa kichwa.

"Anasema ni laini," Baluku akatafsiri kwa furaha. "Mmeona? Theluji ni laini. Mguu unazama."

Tukamshukuru. Mkwe wangu akakifuta kikombe chake cha plastiki kwa kitambaa, akakitia mfukoni. Yule mzee alikuwa bado anatikisa kichwa tulipoondoka, akapotea kwenye ukungu kabla hatujakunja kona.

Mahali peupe

Tulipita viwanda ambavyo sikuviona, nilinusa moshi wake tu. Lami ikaisha, ikaja njia ya changarawe, nayo ikaisha. Mkwe wangu akazima gari.

Palikuwa peupe. Siwezi kuwaambia vizuri. Udongo wa rangi ya ngano ulikoma kama umekatwa kwa kisu, na kutoka hapo ni weupe, umetandikwa, bila jani, bila jiwe, bila nyayo ya ndege. Mbele kidogo weupe wa chini na weupe wa juu vilishikana, hujui kipi ni ardhi. Hakuna upepo. Hakuna mbwa, hakuna gari mbali. Kwetu hata kwenye ukungu mkubwa utasikia mbuzi wa mtu. Pale nilisikia damu yangu masikioni.

Baluku alivua kofia kama aliyeingia kanisani. Bakari, mbishi yule, alitoa simu yake.

"Mama, usishuke," mkwe wangu akasema bila kugeuka. "Baridi ni mbaya. Nitakuletea kwa kikombe."

Alikanyaga ukingoni, ikalia kama mahindi yanayokaangwa. Bakari alikuwa anampiga picha. "Chota hapo hapo."

"Hapa pana matope ya magari. Siwezi kumpa Mama kitu kichafu."

Akaendelea. Nilimwona kwenye ukungu hadi kiunoni, halafu mabega, halafu ile rangi ya koti, halafu hapana. Sauti ya nyayo iliendelea kidogo, ikakatika katikati.

Bakari akamwita. Jina lake, na mimi sitaliandika hapa, mtaona sababu. Baluku naye akamwita. Ukungu ukarudisha sauti zao kutoka upande ambao hakuna mtu. Wakaita pamoja. Baluku akaingia weupeni kumfuata, hatua chache tu, mguu ukapenya ukoko ukazama, akajivuta kwa nguvu na ile sauti ya kunyonya ikatoka ardhini, ile ile ya mzee wa chai. Chini ya weupe kulikuwa na tope jeusi linanuka kama mayai viza.

Wakatazamana. Nilielewa wakati huo huo walipoelewa. Nilishuka. Nilimwaza Mutheu ameketi kitandani anamnyonyesha yule mtoto ambaye baba yake hajamaliza kuzoea kumshika.

"Mama, mwite wewe," Baluku akasema. "Sauti ya mwanamke inafika mbali."

Mnajua kwetu. Jina la mkwe halipiti kinywani mwa mama wa mke. Nthoni, heshima ile. Wasichana wa leo hucheka, lakini mimi hata nikimwombea kwa Mungu husema "yule wa Mutheu", na Mungu hajawahi kuniuliza yupi. Nilifungua mdomo. Jina nalijua. Lilikuwa pale nyuma ya meno, na ulimi ukakataa kama punda mlangoni.

"Bi mkubwa," Bakari akanisihi, na machozi yalikuwa yanamtoka, "heshima itangoja. Mwite mtu jina lake."

Sikuweza. Lililotoka ni hili: "Baba Ndinda."

Ndinda ndilo jina la mtoto, jina langu mimi. Alikuwa mchanga hata hakuna aliyekuwa amemwita baba yake hivyo. Nikaita tena kwa nguvu, "Baba Ndinda."

"Naam, Mama."

Ilitoka kushoto, mbali, mbali kuliko mtu anavyoweza kwenda kwa muda ule.

"Rudi huku."

"Nimezama miguu, Mama. Lakini nakuja, nakuona karibu. Uko hapa mbele yangu."

Alikuwa anakwenda kule, si kuja huku, tulisikia sauti inapungua. Nikamwambia, "Siko mbele yako. Simama. Lala kwa tumbo. Mimi niko hapa ninapokuita Baba Ndinda. Njoo kwa anayekuita Baba Ndinda, mwingine usimsikilize." Sijui nilitoa wapi neno hilo la mwingine. Nilikuwa sijui kama kuna mwingine.

Nikawa siachi kuita. Nilimwita, nikamgombeza, nikamwambia mtoto amekataa maji ya vuguvugu, nikamwambia muthokoi unataka kulowekwa tangu jana na hakuna aliyeloweka, nikaita tena. Alitokea anatambaa kama mjusi. Baluku alijilaza ukingoni, akamtupia koti, wakamvuta. Kiatu kimoja kilibaki huko. Alikuwa mweusi hadi mapajani na midomo ya bluu.

Kikombe kilikuwa mkononi, kimejaa weupe safi. Akakiweka chini mbele yangu, akarudi nyuma kama inavyotakiwa, akakaa kwenye changarawe akitetemeka. Nikachovya kidole. Haikuwa baridi. Nikaonja.

Ilikuwa chumvi.

Kurudi

Garini Bakari ndiye aliyeendesha. Tulimfunika mkwe wangu kwa kila kitu tulichokuwa nacho. Taa za Wakrah zikaanza kuonekana kwenye ukungu. Hapo akasema, taratibu, "Mama, asante kwa kuniita. Lakini kwa nini ulibadilisha?"

"Nilibadilisha nini?"

"Mara ya kwanza uliniita jina langu. Mara tatu, polepole, kama mtu anayemwita mtoto kula. Nilikuwa nishachota, nataka kurudi, nikakusikia kule mbele. Nikafurahi. Nikasema leo Mama amenikubali, amenitaja. Nikafuata."

Bakari alipunguza mwendo. "Sisi tulikuita. Mimi na Baluku, tumepasuka koo."

"Nyinyi sikuwasikia kamwe. Nilimsikia Mama."

"Bi mkubwa hakutaja jina lako. Tulimsihi kwa machozi, akashindwa."

Basi. Bakari akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, na Baluku akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango, akakishika hadi mjini. Ile picha kundini walipoitafuta walisema imefutwa, na namba imejitoa. Inaweza kuwa mzaha wa mtu. Sibishi. Watu wana mizaha. Lakini mzaha haujui mkwaruzo wa koo langu, na mkwe wangu alisema mkwaruzo ulikuwepo katika sauti ile.

Mutheu tulimwambia gari lilikwama. Si uongo mwingi. Siku zangu zilizobaki niliogesha mtoto, baridi ikaisha, watu wakarudi barabarani kana kwamba hakukuwa na lolote. Sikuuliza tena kuhusu theluji, nao Wazee wa Baridi hawakuitaja mbele yangu.

Siku ya kuondoka mkwe wangu alinipeleka uwanjani peke yake, maana mtoto alikuwa na mafua. Alinibebea mfuko hadi pale wasipoingia wasiosafiri. Akasimama kando, macho chini, nikajua ana neno.

"Mama, nina ombi. Nitaje jina mara moja tu. Nisikie sauti yako ya kweli inavyolitaja, nipate kutofautisha."

Nilimtazama, jambo ambalo pia si la kawaida. Mtu mzima, dereva, baba wa mtoto, amekonda tangu siku ile. Nilitaka kumpa, Mungu anajua. Halafu nikafikiri, na likitoka lilingane na lile alilolisikia kule?

Nikamwambia, "Baba Ndinda, mimi nilikukubali siku ile uliyokuja Nunguni na viatu vyako vikaliwa na mbwa na hukulalamika. Kukubaliwa unako. Jina sitalitaja. Nitalifunga mdomoni mpaka nife, na hilo ndilo la kukulinda. Ukisikia sauti yangu inalitaja, popote pale, kaa chini usiende. Ujue si mimi."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Foleni ilikuwa imeanza kutembea. Nikachukua mfuko wangu. Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Na ukishakufa, Mama?"

Aliyekuwa nyuma yangu alinisukuma kidogo, nikasogea.